Tumbo tele, kiwele kitupu: nyuzinyuzi za majani na maziwa ya ng'ombe wetu wa Kusini

Mwezi wa tisa mwaka jana jirani yangu, mama mtu mzima mwenye ng'ombe wawili chotara hapa nje kidogo ya Masasi, aliniita asubuhi nikamtazamie ng'ombe wake mkubwa. Hori lilikuwa limejaa mabingobingo marefu kunipita, mashina yake manene kama fimbo ya kutembelea. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amelala, ubavu wa kushoto umejaa. "Mwanangu, huyu anakula kutwa," akaniambia, kisha akainamisha ndoo nione. Maziwa hayakuzidi lita moja na nusu. Alikwisha kumpa dawa ya minyoo mara mbili, na alikuwa anajiandaa kutafuta fedha za sindano.

Wiki hiyohiyo kijana mmoja wa mjini, anayeuza maziwa kwenye migahawa ya chai, alikuja na shida iliyo kinyume kabisa. Ng'ombe wake anajaza ndoo, lakini wateja wanamshutumu kuwa anatia maji. Maziwa ni mepesi, ukiyachemsha hayafanyi malai. Alikuwa anaapa kwamba hajatia hata tone, na nilimwamini, kwa sababu nilipomuuliza anamlisha nini alijibu kwa fahari: pumba za mahindi asubuhi, pumba mchana, pumba jioni, na majani kidogo ya kumpotezea muda.

Hao wawili walikuwa na tatizo moja. Mmoja nyuzinyuzi zimemzidi na zimekomaa, mwingine zimempungukia. Katikati yao kuna njia nyembamba ambayo mfugaji wa Mtwara na Lindi anapaswa kuijua, kwa kuwa huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na baada ya hapo majani yanazeeka shambani tukiyatazama.

Tuanze na jani lenyewe. Ukilitazama kwa darubini utaona vyumba vidogo vidogo vilivyobanana, na kila chumba kina ukuta. Ndani ya chumba kuna sukari, wanga, protini na mafuta, vitu ambavyo ng'ombe anavimeng'enya karibu vyote. Ukuta ndio nyuzinyuzi. Umejengwa kwa selulosi na hemiselulosi, na kadiri mmea unavyozeeka, unapigwa plasta ya kitu kinachoitwa lignini. Ukitaka kuielewa lignini, mtazame mchonga vinyago wa Kimakonde anavyotoka jasho mbele ya gogo la mpingo. Ugumu ule kwa sehemu ni kazi yake. Selulosi ng'ombe anaweza kuitumia, ingawa taratibu. Lignini hawezi kabisa, na ubaya wake zaidi ni kwamba inaikumbatia selulosi isifikiwe. Kwa hiyo majani mawili yenye selulosi sawa yanaweza kumpa ng'ombe nguvu tofauti kabisa, kutegemea plasta iliyopakwa.

Jambo hili liliwasumbua hata wataalamu. Miaka ya 1860 huko Weende, Ujerumani, Henneberg na Stohmann waliweka utaratibu wa kuchemsha chakula cha mifugo kwenye tindikali, kisha kwenye alkali, na kilichobaki wakakiita nyuzinyuzi ghafi. Kipimo hicho kilitumika dunia nzima kwa miaka mia moja, na bado kinaandikwa kwenye mifuko ya chakula cha kuku. Kasoro yake ni kwamba alkali inayeyusha sehemu ya lignini na ya hemiselulosi, hivyo majani mabaya yanaonekana mazuri kuliko yalivyo. Miaka ya 1960 Peter Van Soest, Mmarekani, akaja na wazo rahisi: chemsha majani kwenye maji ya sabuni isiyo na ukali. Sabuni inaosha vilivyomo ndani ya vyumba, kuta zinabaki. Masalia hayo ndiyo yanayoandikwa kwa herufi NDF kwenye karatasi za maabara. Ukiona NDF asilimia 70, maana yake kilo 10 za majani yaliyokaushwa zina kilo 7 za kuta na kilo 3 tu za vilivyomo ndani.

Sasa twende tumboni. Hakuna mnyama anayenyonyesha, awe ng'ombe, mbuzi au binadamu, mwenye kimeng'enya chake mwenyewe cha kuvunja selulosi. Ng'ombe amepanga wapangaji. Tumbo lake la kwanza, rumeni, linalokaa ubavu wa kushoto na kubeba lita 100 na zaidi, ni pipa la kuchachushia lililojaa bakteria na vijidudu vingine, mabilioni katika kila kijiko kimoja cha majimaji yake. Ule utumbo wenye manyoya manyoya kama taulo tunaoukuta kwenye supu ndio ukuta wa pipa hilo. Vijidudu vinakula nyuzinyuzi na kutoa tindikali ndogondogo ambazo mwili wa ng'ombe unazifyonza. Tatu ndizo za kukumbuka: ya asetiki (hiyohiyo inayoipa siki ukali wake), ya propioniki na ya butiriki.

Hapa ndipo maziwa yanapoanzia. Asetiki hutokana zaidi na nyuzinyuzi, na kiwele huitumia kutengeneza mafuta ya maziwa. Propioniki hutokana zaidi na wanga, kama ule wa pumba na mahindi; ini huigeuza sukari, kiwele huigeuza sukari hiyo kuwa sukari ya maziwa, na sukari ya maziwa ndiyo inayovuta maji na kuamua ndoo itajaa kiasi gani. Ng'ombe anayekula majani mengi huwa na asetiki kama sehemu 65 hadi 70 katika kila 100 za tindikali hizo. Mjazie pumba, uwiano unageuka: ndoo inajaa, malai yanatoweka. Na siyo uwiano peke yake. Rumeni ikiwa kali mno, vijidudu vinayageuza mafuta ya kwenye chakula kuwa aina fulani ambayo ikifika kwenye kiwele hukizuia kutengeneza mafuta. Kijana wa mjini hakutia maji. Maziwa yalikosa mafuta tangu kiweleni.

Ukali huo wa rumeni ndio hatari kubwa. Unapimwa kwa pH, na namba ikishuka ukali umepanda. Vijidudu vinavyokula nyuzinyuzi vinapenda mazingira yenye pH ya 6 kwenda juu. Ikishuka chini ya hapo vinadhoofika. Ikishuka chini ya 5.5 ng'ombe anaanza kuumwa kweli: anaacha kula, anaharisha kinyesi chenye povu, na baada ya wiki au miezi kwato zinavimba na anachechemea. Kinachozuia ukali usipande ni mate. Ng'ombe mkubwa hutoa lita 100 hadi 150 za mate kwa siku, nayo yana magadi, magadi ya aina ileile tunayotia kwenye maharage yalainike. Ila mate hayaji bure. Yanakuja anapotafuna, na hasa anapocheua.

Kwa hiyo nenda kakae karibu na ng'ombe wako saa tano asubuhi, amelala kivulini. Utaona tonge linapanda shingoni, mashavu yanajaa, taya linaanza kuzunguka. Hesabu. Tonge moja linatafunwa mara 50 hadi 70, karibu dakika nzima, kisha linashuka, sekunde chache kimya, tonge jingine linapanda. Akitafuna mara 30 tu akameza, kuna kitu hakiko sawa kwenye hori lake. Ng'ombe aliye sawa hufanya kazi hii saa 7 hadi 8 kwa siku. Ukiwa nao kumi wamelala, angalau watano au sita wawe wanacheua.

Na hapa pana jambo linalowapotosha wengi. Pumba nazo zina nyuzinyuzi. Pumba za ngano zina NDF ya asilimia 40 na ushee, kipimo cha maabara kinaonyesha hivyo bila uongo. Lakini ni laini kama unga, hazimlazimishi ng'ombe kutafuna, wala haziundi ule mkeka wa majani unaoelea juu ya rumeni na kuikwaruza ili icheue. Nyuzinyuzi zina sura mbili: kemia yake na urefu wake. Vipande vinavyomfanya ng'ombe acheue ni vile vinavyozidi milimita 8 hivi. Ndiyo maana ukisaga majani makavu mazuri kabisa yakawa vumbi, umempa ng'ombe nyuzinyuzi kwenye karatasi na kumnyima mdomoni. Mashine ya kukatia majani ni nzuri, inaokoa mabaki, ila ikate vipande vya sentimita 2 hadi 5.

Nikiwa kwenye pumba, niseme hili kwa uchungu. Mwaka juzi nilinunua magunia sita ya pumba za mpunga mnadani, rangi nzuri, bei nzuri. Maziwa yakashuka. Nilipotia konzi mbili kwenye beseni la maji na kukoroga, nusu nzima ilibaki inaelea: makapi matupu ya mpunga yaliyosagwa na kuchanganywa. Makapi yana lignini na mchanga wa silika, hayana cha kumpa ng'ombe. Tangu siku ile sinunui pumba bila beseni.

Turudi kwa mama jirani, maana tatizo lake ndilo la wengi zaidi huku Kusini. Tumbo la ng'ombe lina mwisho, na kinacholijaza ni kuta. Wataalamu wana kanuni ya makadirio: ng'ombe wa maziwa hula nyuzinyuzi (ile NDF) kama asilimia 1.2 ya uzito wake kwa siku, halafu tumbo linamwambia basi. Ng'ombe wa kilo 400 atafikia kilo 4.8. Mabingobingo machanga ya wiki sita, kimo cha kiuno hadi kifua, yana NDF karibu asilimia 60, hivyo anaweza kula kilo 8, uzito wa majani yakiwa makavu. Yale yaliyokomaa ya mama jirani yana asilimia 72 au zaidi, hivyo ataishia kilo 6 na nusu. Tena kila kilo ya machanga ina nguvu kama megajuli 9, ya makongwe 7 na nusu. Piga hesabu: machanga yanampa 72, makongwe hayafiki 50. Mwili wake peke yake, kupumua na kusimama tu, unadai kama 45. Kila lita ya maziwa inadai 5. Machanga yanabakiza maziwa ya lita tano, makongwe hayafikishi hata lita moja. Ng'ombe yuleyule, shamba lilelile, tofauti ni mwezi mmoja na nusu wa kuchelewa kukata.

Waliowahi kusubiri kivuko cha Msangamkuu siku ya sikukuu wataelewa kinachotokea ndani. Rumeni ina mlango mwembamba wa kutokea. Kipande cha jani hakipiti mpaka kisagwe na kuoza kifikie milimita moja au mbili. Majani machanga yanafika kwenye ukubwa huo upesi, foleni inasogea, ng'ombe anapata nafasi ya kula tena. Makongwe yanakwama, foleni inafika barabarani, na ng'ombe amelala ubavu umejaa, anaonekana ameshiba sana.

Mama aliniuliza swali zuri: "Kwa nini basi tunaambiwa tungoje yarefuke?" Kwa sababu rundo linakuwa kubwa. Jicho la mfugaji linapenda rundo. Ukikata kila baada ya wiki sita hadi nane wakati wa mvua, rundo la kila safari ni dogo, lakini maziwa ya mwaka mzima ni mengi. Na usisahau kwamba majani machanga yana maji mengi. Kilo 8 za ukavu ni kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku, mizigo miwili mizito ya kichwa. Wanaompa ng'ombe mzigo mmoja wakaona hatoi maziwa wanamsingizia tu.

Lakini Septemba machanga yapo wapi? Hapa ndipo wapangaji wa rumeni wanapohitaji kutunzwa. Vijidudu navyo vinahitaji protini ili vizaliane, na chakula chote kikishuka chini ya asilimia 7 ya protini, vinapungua na kazi ya kuvunja kuta inalegea. Majani makavu ya kiangazi yanashuka hadi asilimia 3 au 4. Kwa hiyo dawa ya majani makongwe mara nyingi ni kuongeza kitu kidogo chenye protini, siyo kuongeza majani makongwe. Na mikoa yetu imejaliwa. Mbaazi zina mizizi mirefu, zinabaki kijani wakati kila kitu kimekauka. Majani na maganda yake baada ya kupura ni chakula ambacho kila mwaka nakiona kinachomwa moto mashambani, naumia. Majani ya karanga yaliyokaushwa kivulini yanashinda nyasi nyingi. Nachingwea palepale ambapo Waingereza walileta matrekta miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mpango wao mkubwa wa karanga, wakajenga reli, kisha wakauacha mpango huo miaka michache baadaye, wakulima wadogo bado wanavuna karanga na kuacha majani yake yaoze. Lusina na miglirisidia, miti ya malisho yenye majani ya protini nyingi, inaota hata uani. Ufuta wetu wa Lindi karibu wote unasafirishwa ukiwa mbegu, mashudu yake ni adimu, hivyo wengi tunategemea ya alizeti kutoka mikoa mingine. Ila karanga zilizoota ukungu, pamoja na mashudu yake, usimpe kamwe: sumukuvu inapita hadi kwenye maziwa ya watoto.

Mabua ya mpunga ya mabondeni yanaweza kulainishwa kwa urea ya mbolea. Kilo 4 hadi 5 za urea kwenye lita 50 za maji, nyunyizia kilo 100 za mabua makavu safu kwa safu, funika kwa nailoni pasipite hewa, acha siku 21. Amonia inayotoka inailegeza ile plasta ya lignini na kuongeza nitrojeni kwa vijidudu. Fungua, acha harufu itoke usiku kucha, anza kwa kiasi kidogo. Urea iliyokolea inaua ng'ombe kwa saa chache, hivyo yeyote asiye na mizani asijaribu, na ndama wa chini ya miezi sita wasipewe.

Kuna chakula kimoja cha kwetu ambacho vitabu vingi havikitaji: mabibo. Korosho zinapoanza kudondoka, mabibo yanalala chini ya mikorosho yote, matamu, ya bure, na ng'ombe anayapenda mno. Ni sukari tupu yenye maji. Akivamia shamba akala ndoo tatu, rumeni inachachuka kama pipa la uraka, ile pombe ya mabibo, pH inaporomoka, na asubuhi utamkuta anayumba. Machache, kilo mbili tatu baada ya kushiba majani, hayana neno, na yaliyokaushwa juani ni mazuri zaidi. Toa korosho zote kwanza. Mafuta ya ganda lake yanaunguza ulimi. Na nyasi zilizo chini ya mikorosho iliyopulizwa salfa ziache mpaka mvua izioshe, kwa sababu salfa ikizidi tumboni inadhuru ubongo wa ng'ombe.

Joto nalo lina sehemu yake. Kuvunja nyuzinyuzi kunazalisha joto ndani ya tumbo, na ng'ombe wa Mtwara tayari anapumua kwa shida saa nane mchana. Ndiyo maana anakwepa majani mchana na kukimbilia pumba. Mpe majani mengi kuanzia saa kumi na moja jioni, hori lijae usiku, na maji yawepo muda wote.

Nimebakiza swali la mpwa wangu. Alinionyesha video kwenye simu, nyati weusi wa Haryana, India, wenye pembe zilizojikunja kama konokono, wanakula mabua makavu ya ngano. "Mjomba, hawa wanakula takataka na maziwa yao yana mafuta mara mbili ya yetu. Kwa nini tusikamate mbogo wa Liwale tukawafuga?" Mbogo wetu wa porini ni mnyama mwingine kabisa: ana kromosomu 52, nyati wa maziwa wa India ana 50, na hakuna aliyewahi kumgeuza mbogo kuwa wa kukamuliwa. Huyo wa India, hasa jamii ya Murrah, alizoeana na binadamu maelfu ya miaka iliyopita. Maziwa yake yana mafuta asilimia 7 au 8, ya ng'ombe 3 na nusu hadi 4 na nusu, na hilo ni umbile lake. Kuhusu mabua, ni kweli kwamba anayashughulikia vizuri zaidi kidogo: chakula kinakaa rumeni muda mrefu, na mwili wake unarudisha urea nyingi tumboni kuwalisha wapangaji. Lakini ni kidogo. Wafugaji wa kule huongeza mashudu na majani mabichi ya barsimu, mmea wa jamii ya kunde, na kamera ilionyesha mabua tu. Nyati akipewa mabua peke yake naye kiwele kinakauka, na kwenye joto letu, kwa ngozi ile nyeusi yenye tezi chache za jasho, angehitaji bwawa la kulala kutwa.

Kwa mama jirani hatukununua dawa yoyote. Tulikata mabingobingo yote makongwe yakawa matandiko ya banda, machipukizi yakaachwa. Kwa wiki tatu ng'ombe alipewa juu ya majani mengine aliyokuwa nayo matawi ya lusina kilo 5 kila siku, maganda ya mbaazi debe moja, na mashudu kilo moja asubuhi na nusu jioni. Tulibadilisha polepole, kwa sababu wapangaji huchukua kama wiki mbili hadi tatu kuzoea chakula kipya. Kila Jumapili tulichukua konzi ya kinyesi, tukaiosha kwenye chekeche la unga chini ya bomba. Jumapili ya kwanza chekeche lilijaa vipande vya mashina vya urefu wa kidole gumba. Ya tatu kilibaki kitu kama machicha ya chai. Siku hiyo alikamua lita nne na robo. Kijana wa mjini yeye alipunguza pumba hadi kilo 4 kwa siku, akizigawa mara mbili na kutanguliza majani, na ndoo yake imepungua lita moja. Wateja wa chai wamerudi.